Taa za Kerrow na Aldine

Swali lenyewe liliulizwa na Bi Lieu, wala si Corinne, na hilo ndilo lililomkera Corinne Attard kwa siku nyingi. Yeye ndiye mwalimu. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha watu udereva katika vitongoji vya kusini-mashariki mwa Melbourne, na kila siku ya Mungu alipita kwenye njia za kuingilia barabara kuu ya kwenda mjini. Alisimama kwenye taa nyekundu zilizowekwa huko, akapiga miayo, taa ikawaka kijani, akaenda zake. Hakuwahi kujiuliza lolote.

Trinh Thi Lieu alikuwa na miaka sitini na mitatu na mkahawa wa pho, supu ya tambi ya Kivietinamu, kule Springvale. Mumewe, aliyekuwa akiendesha gari lao kila alfajiri kwenda soko kuu kununua mifupa na mboga, alifariki mwezi wa pili. Tangu hapo mifupa ililetwa na watu wengine, saa waitakayo wao, na mara mbili ilifika supu ikiwa imeshachelewa. Bi Lieu akaona basi. "Mguu unaoweza kusimama jikoni tangu alfajiri hadi usiku hauwezi kushindwa kukanyaga mafuta," aliwaambia wanawe, na wiki iliyofuata akampigia Corinne simu.

Alijifunza vizuri mitaani. Barabara kuu ndiyo iliyomtisha: magari yaendayo kilomita mia kwa saa, na wewe unatakiwa ujichomeke katikati yao. Kitu kimoja tu kilimpa moyo, nacho ni zile taa. Pale mwisho wa njia ya kuingilia, taa humruhusu mmoja mmoja: kijani kikiwaka, gari moja, kisha nyekundu tena. "Hapo napaelewa," alisema. "Hakuna kusukumana."

Jumanne moja ya Septemba, saa moja na robo asubuhi, walikuwa wamesimama kwenye njia ya Kerrow, gari lao likiwa na kibao cha njano cha mwanafunzi mbele na nyuma. Mbele yao palikuwa na magari sita.

"Mwalimu, mbona tumesimamishwa?"

"Taa nyekundu."

"Taa nyekundu naiona, sijapofuka. Nauliza kwa nini. Hebu tazama kule chini. Magari yanakwenda, nafasi tele. Hata mkokoteni wa maboga ungepita."

"Ndio utaratibu, Bi Lieu."

"Utaratibu wa nani?"

Taa ikawaka, gari moja likatoka. Wakasogea.

"Hujui?" Bi Lieu aligeuza shingo.

"Tazama mbele. Sijui."

"Miaka kumi na tisa?" Bi Lieu akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi leo tumetoka sare, mwalimu. Mimi sijui kuendesha, wewe hujui unakoendesha."

Jumapili Corinne alilipeleka swali lile kwa kaka yake. Joe aliendesha lori la mbao za jasi, na njia ya Kerrow ilikuwa yake ya kila asubuhi. Walikuwa wakila pastizi za mama yao, vile vitafunio vya jibini, zikiwa bado za moto.

"Zile taa?" Joe alisema, makombo yakimdondoka kifuani. "Ni za kutukomesha, dada. Serikali ikikosa kazi hununua taa."

"Lakini kwa nini siku nyingine zinachelewa na barabara iko wazi?"

"Kwa sababu kuna jamaa mmoja kakaa ofisini, ana kitufe. Akigombana na mkewe, mimi nachelewa kazini."

"Naongea kwa dhati, Joe."

"Na mimi pia. Nipe hiyo ya mwisho."

Corinne akaamua kupima. Alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde aliyoitumia kufundishia umbali wa breki. Akaanza kuibonyeza kila aliposimama kwenye taa, pale Kerrow na kwenye njia iliyofuata, Aldine, kilomita mbili mbele kuelekea mjini. Wanafunzi walidhani wao ndio wanaopimwa, wakaendesha kwa adabu isiyo ya kawaida. Wiki mbili zilipoisha daftari lake lilikuwa na kurasa saba, na humo mlikuwa na jambo. Asubuhi za kawaida, kati ya kijani na kijani pale Kerrow zilipita sekunde tano. Asubuhi nyingine zilipita tisa, hata kumi na mbili, na barabara iliyokuwa chini yao iko wazi. Kila ilipotokea hivyo, redio ya gari ilikuwa ikitangaza kwamba foleni inaanza kujikusanya darajani mtoni, kilomita kumi mbele.

Taa ilikuwa ikijua habari za mahali isipopaona.

Akapiga simu ofisi ya barabara. Alipitishwa kwa huyu na yule, akasikilizishwa muziki, akaambiwa asante kwa malalamiko yako, akajibu kwamba hana malalamiko, ana swali. Jambo hilo lilimchanganya aliyekuwa upande wa pili hata akampa mtu mwingine. Huyo alikuwa mhandisi, Ruwan Abeysekera, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutukanwa na anayesubiri tusi lianze.

"Nataka kujua," Corinne akasema, "taa ya Kerrow inajuaje kinachotokea darajani?"

Mhandisi akauliza: "Nani kakwambia inajua?"

"Saa yangu."

Mhandisi akacheka, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Dada yangu, nimefanya kazi hii miaka minane. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kuniuliza hilo. Uko wapi nije?"

Walikutana kwa Bi Lieu Jumamosi, baada ya wateja wa mchana kupungua. Ruwan alikuwa mwembamba, miwani imemteleza puani, na aliinamia bakuli lake kama mtu aliyefunga siku tatu. Alipomaliza akaomba karatasi. Bi Lieu akampa kijitabu cha kuandikia maagizo ya wateja.

"Chini ya lami kuna nyaya," akasema huku akichora. "Gari likipita juu yake, tunajua limepita. Ziko kwenye barabara kuu yenyewe na kwenye kila njia ya kuingilia. Zamani kila taa ilijiangalia yenyewe. Sasa tumezifunga zote kwenye kompyuta moja. Njia ya Aldine ni fupi, magari thelathini tu na imejaa. Kerrow ni ndefu, inaweka tisini. Foleni ikianza darajani, Aldine ndiyo iliyo karibu, inatakiwa izuie, lakini itazuia wapi? Hana nafasi. Basi anamwita jirani wa nyuma: nisaidie kushika. Kerrow anashika. Naye akielemewa, anamwita wa nyuma yake."

"Lakini kwa nini kuzuia kabisa?" Corinne akauliza. "Mwishoni wote si watapita darajani?"

Ruwan alikuna kichwa. "Watu wengi hapo ndipo huniacha. Barabara ikijazwa kupita kiasi, haipitishi magari mengi zaidi. Inapitisha machache. Yaani ikishavunjika..."

"Kama tambi," Bi Lieu akasema.

Wakamgeukia. Alikuwa akifuta meza ya pili, hata hakuinua uso.

"Kuna mpishi mpya kila mwaka anafanya hivyo. Wateja wamejaa, anaona afadhali atie mafungu ishirini ya tambi chunguni kwa mara moja. Maji yanaacha kuchemka. Tambi zinashikana, na wote ishirini wanakula wamechelewa. Tia sita sita, maji yasiache kuchemka, utawalisha upesi. Si ndivyo?"

Ruwan aliweka kalamu chini. "Bi mkubwa, mkutano ujao wa wakurugenzi utakwenda wewe."

"Ngoja kwanza." Bi Lieu alikuja na kitambaa chake, akakaa. "Mimi ni wa Kerrow. Unaniambia ninasimama pale ili mtu nisiyemjua, wa Aldine, apite?"

"Ndiyo."

"Na kwa ajili yangu anasimama nani?"

"Walioko nyuma yako. Wa Dandenong. Hawakujui, na wanakutukana kila asubuhi."

Bi Lieu alilitafakari hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Haya," akasema. "Maadamu wanatukana na kungoja, si kutukana na kupita."

Mambo yangeishia hapo, Corinne akiwa ameridhika na jibu lake, lau si Alhamisi iliyofuata. Aliona vyema Bi Lieu aizoee na Aldine, kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi. Walipita kwenye daraja la juu ya Kerrow saa moja na dakika ishirini. Kwenye njia ya kuingilia hapakuwa na foleni hata kidogo, na taa zilikuwa zikipepesa kijani upesi upesi kwa magari mawili matatu. Walipofika Aldine walikuta magari yamejaa njia yote, yamemwagika mpaka mtaani, yamesimama kwenye leni ambamo wengine walikuwa wakienda kasi. Bi Lieu akajiunga mkiani. Hakukuwa na pengine pa kwenda.

Corinne aliliona lori kwenye kioo. Aliona taa zake, kisha pua yake, kisha akasikia honi na mlio wa matairi, na mkono wake ukamshika Bi Lieu begani kabla hajajua anafanya nini. Lori lilisimama. Kati ya bampa yake na gari lao pangepita kitabu, labda viwili. Dereva alishuka uso umempauka, akawauliza kama wako salama, akaketi ukingoni mwa barabara.

Bi Lieu alizima injini. Akafungua mkanda, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa Corinne.

"Nimemaliza," akasema. "Nirudishe nyumbani."

Corinne akashika usukani. Alipofika mkahawani alishukuru kwa heshima, kama mtu anayeaga moja kwa moja.

Corinne alimpigia Ruwan akiwa bado kwenye maegesho.

"Ulisema Kerrow anamsaidia Aldine. Leo Aldine imemwagika hadi mtaani, na Kerrow inafungulia watu kama bomba lililopasuka! Nusura tuuawe!"

"Saa ngapi?"

"Moja na nusu."

Alimsikia akibonyezabonyeza. "Corinne... kwenye skrini yangu, saa moja na nusu Aldine ilikuwa tupu."

"Tupu? Nilikuwa ndani yake!"

"Kerrow ndiyo iliyojaa. Ndiyo maana imefunguliwa."

"Kerrow haikuwa na mtu. Nimepita juu ya daraja lake kwa macho yangu haya."

Ruwan akaendelea kubonyeza. Kisha akasema polepole kwamba kwa siku kadhaa kipande kile kilikuwa kikimsumbua. Taa zinafanya kazi, hesabu zinakwenda, lakini foleni inavunjika pale pale. Nyaya zote zilikuwa zikijibu kwamba ni nzima. Kamera ya Aldine ilitazama barabara kuu, haikuuona mtaa. Na kufungua makabati ya taa kulihitaji kufunga leni na kuleta mafundi. Mkubwa wake asingekubali kwa neno la mwalimu wa udereva.

Jioni ile Corinne alikwenda mkahawani, si kumbembeleza Bi Lieu, bali kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alimkuta akikata vitunguu vya majani. Alisimulia yote: skrini inasema hivi, macho yanasema vile.

Kisu kikasimama.

"Meza zimebadilishana," Bi Lieu akasema.

"Nini?"

"Meza ya sita na meza ya tisa. Mhudumu kakosea namba. Meza ya sita wameshiba, bado wanaletewa mabakuli. Meza ya tisa wanalia njaa, jikoni tunasema hawa wameshakula. Kila mtu anafanya kazi yake sawasawa, na mkahawa mzima ni fujo." Akaanza kukata tena, kwa kasi. "Kompyuta ya kijana wako ikisoma Aldine inasoma Kerrow. Ikisoma Kerrow inasoma Aldine."

Corinne akavuta kiti, akakaa. Yule mwenye shida alikuwa akiita msaada, na msaada ukapelekwa kwa jirani asiye na shida. Jirani akafunguliwa, akazidi kumwaga magari mbele, na mwenye shida akazidi kubanwa.

"Tutathibitishaje?"

"Kwa kuhesabu. Jikoni mhudumu akikosea, nakwenda mezani kuhesabu mabakuli mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumanne, Jumatano na Alhamisi ya wiki iliyofuata, tangu saa moja hadi saa mbili asubuhi, Corinne alisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu juu ya Kerrow, na Bi Lieu akasimama juu ya Aldine akiwa na koti la marehemu mumewe na chupa ya chai. Kila mmoja alikuwa na kijitabu cha maagizo. Kila dakika mbili waliandika magari mangapi yamesimama, vistari vitano vitano. Upepo wa kaskazini uliwapiga, na Jumatano mvua ikawanyea. Mtu mmoja aliyepita na mbwa alimwuliza Bi Lieu anapinga kitu gani, akamjibu kwamba hapingi, anahesabu, na yule mtu akaondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Alhamisi Joe alipita chini na lori lake, akamwona dada yake juu, akapiga honi na kutoa kichwa. "Umeshakuwa ndege?"

"Nenda huko, njia iko wazi!"

"Najua! Kerrow siku hizi tamu!"

Ruwan alizipokea karatasi zikiwa zimelowana pembe. Alizitandaza mezani mkahawani, kompyuta yake pembeni, na kwanza akalinganisha Kerrow ya karatasi na Kerrow ya skrini. Hazikufanana kabisa. Akachukua karatasi za Bi Lieu za Aldine, akaziweka kando ya mstari ambao skrini ilisema ni Kerrow. Dakika kwa dakika, siku tatu, namba zikapanda pamoja na kushuka pamoja. Aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwishoni mwa mwezi uliopita walitandika lami upya," akasema. "Walichomoa nyaya, wakazirudisha." Akamtazama Bi Lieu. "Nimekaa wiki mbili nikichezea hesabu. Sikufikiria kwamba namba ni za kweli, ila za mtu mwingine."

"Kwa sababu hujawahi kuhudumia meza," akasema Bi Lieu, akamwongezea nyama.

Mkubwa wa Ruwan alikubali siku hiyo hiyo. Jumatatu mafundi walifungua kabati linalopokea nyaya za njia zote mbili, wakakuta plagi mbili, kila moja kwenye tundu la mwenzake, na kazi yenyewe ikachukua robo saa. Ruwan alimpigia Corinne akiwa amesimama kando ya barabara, akipiga kelele kushinda malori, kama mtu aliyepata mtoto.

Foleni ya darajani haikwisha. Melbourne haijaona siku hiyo. Lakini wiki ile magari ya Aldine yalibaki ndani ya njia yao, na Kerrow ikaanza kushika. Joe alikuja Jumapili amenuna.

"Dada, wameiharibu Kerrow. Nilikuwa napita kama mfalme, sasa nahesabu sekunde."

"Na mjini unafika saa ngapi?"

Joe alitafuna. "Mapema kidogo. Dakika sita, saba. Ni upepo tu."

"Upepo."

"Nilikuwa na mzigo mwepesi."

Bi Lieu hakuwa amesema lolote kuhusu masomo, na Corinne hakumwuliza. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba simu ilipolia, saa kumi na mbili asubuhi.

"Nimeitazama kutoka juu siku tatu," Bi Lieu akasema bila salamu. "Nataka niione kutoka ndani. Aldine, si nyingine."

Walifika saa moja na nusu. Magari ishirini na mbili. Bi Lieu aliyahesabu kwa sauti. Walisogea, wakasimama, wakasogea. Corinne alikuwa ameweka mguu juu ya breki ya upande wake bila kuikanyaga, na alijua kwamba Bi Lieu anajua. Wakafika mbele. Nyekundu. Chini, barabara kuu ilikuwa ikipita mfululizo lakini ikipita, na nafasi zikionekana kati ya gari na gari.

"Sasa hivi kuna mtu Kerrow kasimama kwa ajili yangu," Bi Lieu akasema.

"Labda Joe."

"Mpelekee supu."

Kijani. Alikanyaga mafuta kweli kweli, injini ikanguruma. Sitini, themanini, indiketa, kioo, jicho la haraka juu ya bega. Upande wa kulia palikuwa na lori refu la maziwa. Dereva wake alipunguza mwendo kidogo, akamfungulia nafasi ya kutosha, na Bi Lieu akaingia humo laini kama uzi katika sindano. Lori likawasha na kuzima taa kuwakaribisha. Bi Lieu, kwa furaha, akainua mikono yote miwili kumshukuru.

"Usukani!" Corinne alipiga ukelele. "Bi Lieu, usukani!"

Mtihani aliufeli mara ya kwanza, kwa sababu kwenye kipilefti aliwapisha watu wote wa Springvale mpaka mtahini akamaliza kuandika. Mara ya pili alifaulu.